Afya ya Jamaa: Pumu Wakati wa Kiangazi

Mama mmoja wa Likasi ametuandikia juu ya mwanawe, mwanafunzi wa darasa la tano. Kila mwaka kiangazi kikianza, mtoto hukohoa usiku, kifua chake hulia kama filimbi, na mitihani ya mwisho wa mwaka humkuta amechoka. Daktari alimpa dawa ya kuvuta kinywani, ile inayoitwa pompa. Lakini shangazi yake ameificha, akisema ya kwamba aizoeaye hataiacha mpaka kufa. Tena watoto wa nyumbani wamekatazwa kunywa katika kikombe chake.

Mama, tuanze na kikombe. Pumu haiambukizi. Si kifua kikuu, wala si ulozi wa mtu. Njia za pumzi za mtoto huyu huudhika upesi: zikiguswa na vumbi, moshi au baridi, huvimba ndani, hujaa makohozi na kujikaza, hata hewa hupita kwa shida.

Na kiangazi cha Katanga huyaleta yote matatu pamoja. Barabara hugeuka vumbi, pori huchomwa, na usiku wa Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya digri 10. Hapo jamaa huingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Jambo hili nalikemea kwa nguvu: hata makala yasiyofuka moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imewaua watu wazima wenye afya usingizini, sembuse mwenye pumu. Mbabula ikae nje, mtoto aongezewe blanketi. Mwalimu naye asimpe ufagio. Na ikiwa mtoto ni mtumishi wa Misa, abebe mshumaa, chetezo akiachie mwenzake. Bwana Padri hatakasirika.

Sasa shangazi. Dawa za kuvuta ziko namna mbili. Salbutamoli hufungua njia za pumzi kwa dakika chache, lakini nguvu zake huisha baada ya saa chache, wala haiondoi uvimbe. Ya pili, kama beklometazoni, hutuliza uvimbe pole pole. Huvutwa kila siku, hata mtoto anapojisikia mzima, kisha asukutue kinywa kwa maji. Mtoto anayehitaji salbutamoli mara kwa mara hakulewa dawa: ugonjwa wake haujatulizwa, na yafaa arudi kwa daktari kuulizia ile ya pili. Kumfichia pompa ni kumwacha usiku bila silaha.

Watoto wengi hawajui kuivuta, na dawa hubaki ulimini. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha ya kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 yasaidia sawa na chombo cha dukani. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu litoshe mdomo wa pompa, kisha ziba kandokando kwa gundi. Tikisa pompa, bonyeza mara moja, mtoto apumue polepole mara 5 au 6 katika mdomo wa chupa. Ndipo ubonyeze tena.

Lakini akishindwa kumaliza maneno, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka buluu, au dawa isipomsaidia, mpelekeni hospitali usiku ule ule, mkizidi kumpa salbutamoli njiani. Msingoje mapambazuko.