Nyumba ya Mboga Haiagizwi kwa Meli

Mwaka 1989, katika kijiji cha Sanyuanzhu, wilaya ya Shouguang, mkoa wa Shandong nchini China, wanachama 17 wa Chama walifyeka mahindi yao kabla hayajakomaa. Kwa mkulima ye yote hilo ni jambo zito. Walitaka nafasi ya kujenga vitalu nyumba 17, ambavyo wanakijiji wenzao walisita kuvijenga kwa kuogopa hasara. Aliyewaongoza ni Ndugu Wang Leyi, katibu wa Chama wa kijiji hicho, ambaye alikwenda kwanza kujifunza ujenzi huo mkoani Liaoning. Majira yale yale ya baridi walivuna matango mabichi ndani ya nyumba ambazo hazikuchoma hata kipande kimoja cha makaa ya mawe.

Msomaji wa nchi ya joto huenda asione ajabu. Lakini kaskazini mwa China maji huganda nje, na kwa miaka mingi mboga ya majira hayo ilikuwa kabichi iliyorundikwa tangu vuli. Vitalu nyumba vilikuwapo, lakini vilikula makaa mengi, na tango lililolelewa kwa makaa haliwezi kuwa chakula cha mfanyakazi wa kawaida.

Siri ya nyumba ya Sanyuanzhu imo katika ukuta. Upande wa kaskazini, upepo wa baridi utokako, hujengwa ukuta wa udongo ulioshindiliwa, wenye unene wa mita 1 na zaidi. Upande wa kusini hakuna ukuta. Kuna plastiki iliyoinama kulipokea jua. Mchana kutwa ukuta na ardhi hunywa joto, na usiku hulirudisha polepole kwa mimea. Jua likichwa, mikeka minene ya mabua huteremshwa juu ya plastiki kama blanketi, na asubuhi hukunjwa tena. Alfajiri, tofauti baina ya ndani na nje yaweza kufika nyuzijoto 20. Udongo, mabua, jua na jasho: kilichonunuliwa hasa ni plastiki na nguzo.

Hapa kwetu mambo yamekwenda kinyume. Vijana na vikundi vingi wamehimizwa kununua vitalu nyumba vilivyokamilika, mabomba na plastiki pamoja, aghalabu kwa mkopo. Baadhi vimebaki mifupa: plastiki imechanika, mnyauko umeingia udongoni, na deni liko pale pale. Si haki kumlaumu kijana huyo kwa uvivu. Aliuziwa dawa kabla ya mtu kumwuliza anaumwa nini.

Maana adui wa Dar es Salaam na Tanga si baridi. Ni joto, wadudu, na mvua za masika zinazoozesha nyanya shambani hadi bei yake ikamshinda mama wa nyumbani. Huko nyumba iliyofungwa pande zote ni tanuri. Kinachotakiwa ni paa la kuzuia mvua, na pande zilizo wazi zenye wavu.

Makete na Njombe ni habari nyingine. Usiku wa Juni na Julai jalidi huunguza viazi na maharage, na huko ukuta wa udongo una kazi. Hata hivyo, atakayenakili mchoro wa Shouguang bila kufikiri ataharibu siku ya kwanza. Sisi tuko kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua letu hupita kaskazini. Kwa hiyo ukuta ukae kusini, na plastiki itazame kaskazini. Tena jua la adhuhuri la Makete mwezi huo hupanda hadi nyuzi 57 hivi, ilhali la Shouguang mwezi Desemba hufika nyuzi 30 hivi tu. Madirisha ya kutoa joto la mchana hayana budi kuwa mapana. Mabua ya ngano yapo, udongo upo, na mianzi ipo, ile ile itupayo ulanzi.

Wala Shouguang si pepo. Kuta zake nene zimekula ardhi nzuri, na kupanda zao lile lile mfululizo kumezalisha minyoo fundo katika mizizi. Hayo nayo tuyasome.

Kabla halmashauri yo yote haijatia saini mkopo mwingine wa vitalu vya kununua, kijengwe kimoja cha majaribio Makete, kwa udongo wa Makete. Kipimajoto kimoja kitundikwe ndani na kingine nje, kuanzia Mei hadi Agosti, na daftari la vipimo liwe wazi kwa kila mkulima atakaye kulisoma. Kipande cha shamba cha kujengea kitolewe na kiongozi, hata kama kina mahindi.