Mshahara wa Siri na Daftari la Mangi

Ukitaka kujua nyumba ya mtu inaendeshwaje, usimuulize mwenye nyumba. Nenda dukani kwa Mangi, umwombe akufunulie lile daftari lake la madeni lililochakaa jalada, ule ukurasa wenye jina la mke wa huyo bwana. Humo utasoma: sukari nusu, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, kiberiti, na tarehe kando yake. Mangi anajua siku gani za mwezi nyumba ile hula wali na siku gani hula ugali kwa mchicha usio nazi. Anajua mtoto yupi kaenda shule bila hela ya uji. Bwana mwenyewe hajui. Yeye aliamka, akavaa, akaweka noti ya shilingi elfu tano mezani, akaikandamiza kwa kikombe, akasema, "Hiyo hapo," akatoka kifua mbele kama mtu aliyekwisha kutoa zaka.

Noti ile ya mezani ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Udogo wake haunisumbui. Wapo wasio na zaidi ya hiyo, na Mungu anawajua na wake zao wanawajua. Kinachonikera ni ukimya unaoandamana nayo. Mke hajui noti ile imetoka katika fungu gani. Hajui kama nyuma yake zimebaki kumi au mia. Wako wanawake katika mji huu wa Dar es Salaam waliokaa na waume zao miaka kumi na zaidi, wakazaa na kulea, wakauguza mama mkwe hadi kaburini, na mpaka leo hawajui bwana anapokea kiasi gani mwisho wa mwezi. Mhasibu anajua, wakala wa benki anajua, yule rafiki wa barazani anayemkopa naye anajua. Anayefichwa ni yule anayelala naye mto mmoja.

Ukimuuliza bwana sababu, atakwambia mwanamke akiujua mshahara ataumaliza. Ajabu! Huyohuyo humwachia mke huyo watoto wake, funguo zake na chakula anachokitia kinywani kila usiku bila hata kukinusa. Hamwogopi kwa sumu, anamwogopa kwa hesabu. Wahenga walitwambia mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo, lakini liko kwa Mangi.

Sitapoteza wino kuthibitisha kwamba mume ni msimamizi wa nyumba yake. Sote tumelelewa kwa neno hilo, wa msikitini na wa kanisani. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemwekea mume wajibu wa kumpa mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Na mke mwenye uwezo imemwekea wajibu wa kumtunza mumewe pale maradhi au majeraha yatakapomzuia kuchuma. Sawa. Lakini msimamizi ni nani? Si ndiye anayeulizwa? Karani wa ghala akikataa kuonyesha kitabu cha stoo, sisi wote tutasema ni mwizi, ajapokuwa hajaiba hata msumari.

Na nyinyi mnaopenda kutukumbusha aya ya usimamizi wa wanaume, mbona hamfiki kwenye kisa cha Hindi binti Utba? Bibi yule alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitaki mumewe, Abu Sufiani, mkubwa wa Makureshi, kwamba ni mchoyo, hampi cha kumtosha yeye na wanawe isipokuwa achukue mwenyewe bila bwana kujua. Hakuambiwa arudi akavumilie. Aliruhusiwa achukue cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Mnafuga ndevu kwa sunna, mnakata kanzu kwa sunna. Sunna hii ya ndani ya nyumba mmemwachia nani?

Maana utaniambia, "Mzee, mimi ni mwanamume wa pwani, sufuria siijui." Muongo! Pilau ya harusi, yale masufuria ya kuingia mtoto mzima, nani huyapika? Wanaume, vifua wazi, koleo mkononi. Chipsi za usiku nani hukaanga? Pale Forodhani, Unguja, nani huchoma mishikaki na kutandaza unga wa ile piza yao? Dobi ni mwanamume na fundi cherehani ni mwanamume. Mkono uleule ukivuka kizingiti cha nyumba yake unapooza, hauwezi kuinua hata kata ya maji. Kumbe sufuria tunaijua vizuri sana. Isiyojulikana ni sufuria isiyolipa.

Na akitokea kijana mmoja mwenye haya na huruma, akaonekana uani anaanika nepi za mwanawe, mtaa mzima utasema kalishwa limbwata. Watamwita bushoke, yaani mume bwege. Na wa kwanza kusema, nisameheni mama zangu, ni mama yake mzazi na dada zake.

Hebu tuwatazame mume na mke wa Mbagala. Wametoka saa kumi na moja alfajiri, wamerudi saa mbili usiku, wamesimama katika daladala moja, wamekanyagwa vidole vilevile. Wakiingia ndani, mmoja anavua viatu na kuuliza kuna nini cha kula; mwingine anafunga kanga kiunoni na kuwasha jiko. Mwisho wa mwezi mshahara wa mke unalipa ada ya shule na umeme, na bwana hapo husema siku hizi maisha ni kusaidiana. Kusaidiana kwake kunaishia mlangoni mwa jiko. Kama wataka mke mchumaji, karibu na wewe uoshe vyombo. Na kama wataka mke wa kukaa ndani kama bibi yako alivyokaa, basi chuma kama babu yako, na mali ya mkeo usiiguse, kwa kuwa dini imeshakwambia kwamba ni yake.

Wenye kupenda enzi watanijibu kwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Naam, lakini mimi nazungumza habari ya nyumba, na wao wameilinganisha na zizi la ng'ombe. Watasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hii naikubali, kwetu ni watu wa bahari. Lakini ni nahodha gani aliyewahi kuwaficha mabaharia wake kiasi cha maji kilichobaki katika pipa? Chombo kikipigwa na kusi, wanaotua tanga na kukumba maji ngamani ni walewale aliowanyamazia.

Isitoshe, enzi hiyo ina mipaka ambayo wengi hawaijui mpaka wanapofika kwa hakimu. Sheria ileile ya 1971 inamkataza mtu kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu Nyalali akiwemo, ilitamka katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Huo moshi unaomtoa mkeo machozi una hesabu yake mahakamani. Ila Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwishapewa na mumewe hakuzitumia vyema.

Ndiyo, kina mama, na nyie msinipigie vigelegele mapema. Wapo kwenu wenye sera ya "chako chetu, changu changu." Dini inawapa haki hiyo, siwanyang'anyi. Lakini mume amelazwa, deni la dawa linapanda, nawe una akiba ya kikoba iliyokaa kimya chini ya vitenge, hapo haki na huruma zimeachana njia. Tena kuna balaa kubwa kuliko hilo, mikopo ya kausha damu. Noti ya mezani haikutosha. Mama kaona aibu kuomba, kaenda kukopa kwa siri. Marejesho kila wiki, riba juu ya riba. Siku ya siku vijana wanakuja na pikipiki ya magurudumu matatu, wanabeba kochi na televisheni, na bwana amekaa barazani anacheza drafti anauliza majirani, "Hao wanahama kutoka wapi?" Wanahama kutoka kwako, mzee! Mshahara wa siri umezaa deni la siri. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na kwa kuwa nimegusa fedha, niacheni niseme na hili, ingawa silo nililoanza nalo. Harusi zetu! Kamati inakaa miezi mitatu. Kadi za michango zinasambazwa mpaka kwa watu mliokutana msibani. Mamilioni yanakwenda kwa ukumbi, keki, mapambo, mshereheshaji wa kupiga kelele, na sare ambayo shangazi kakopa ili ashone. Bibi harusi anakalishwa kitako na somo yake, kisha anafanyiwa kicheni pati, anafundwa hata namna ya kupokea mkoba wa mumewe mlangoni. Bwana harusi anafundwa nini? Suti. Hakuna mzee hata mmoja katika kamati nzima anayemwita pembeni akamuuliza: mwanangu, unapata kiasi gani, na huyu binti umemwambia? Wanaingia chumbani wakijua rangi ya vitambaa vya meza mia moja, na kodi ya mwezi unaofuata hawajaizungumza. Ninapopokea kadi ya mchango siku hizi natamani kuirudisha na swali hilo limeandikwa nyuma yake. Haya, turudi.

Nawasema wenzangu, nami sikuwa mwema. Nilipokuwa mtumishi nilipandishwa daraja, nikalifunika jambo lile kwa miaka mitatu. Noti ya mezani ilibaki ileile. Jumamosi moja narudi kutoka kwenye kahawa, nikaiona hati yangu ya mshahara uani, imebanwa kwa vibanio kwenye kamba, katikati ya sare za shule za watoto, inapepea. Mke wangu alikuwa akifua, akaikuta katika mfuko wa suruali. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapepea kwa mfuniko.

"Baba watoto," akasema bila kugeuka, "karatasi yako ilikuwa inaloa."

Hakuongeza neno. Nilisimama pale nikitafuta la kusema, nikalikosa. Mbuzi ilikuwa karibu na mlango na nazi zimekwisha kuvunjwa. Nikaikalia, nikaanza kukuna, mara ya kwanza tangu tuoane. Aliniachia kifuu cha kwanza. Cha pili akageuka, akatazama ndani ya sinia.

"Ukikuna mpaka ganda," akasema, "tui litakuwa jeusi."