Usivute umeme wa redio kwenye betri moja
Mwandishi wa makala hii ameeleza vizuri kufunga skrini ya Android kwenye lori la Fuso, ila umeme ameupita haraka, na hapo ndipo wenye malori wanapoumia. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata 24, wakati redio nyingi zinataka 12. Mafundi wengi huvuta waya katikati, kwenye betri moja. Redio italia, ndiyo. Lakini betri hiyo inanyonywa peke yake, na alternata inazichaji zote kama kitu kimoja: moja inabaki haijajaa, nyingine inajazwa kupita kiasi mpaka maji yanakauka. Mwishowe zote zinakufa, na bei ya betri za lori tunaijua. Jamani, nunueni konveta ya 24 kwenda 12, na fyuzi ikae karibu na betri, si kule nyuma ya redio.

Wenye malori yaliyotumika Japani, redio za zamani za kule zinashika FM 76 hadi 90 tu. Stesheni za juu zinahitaji kifaa cha kupanua bendi. Antena ya GPS nayo iwekeni juu ya dashibodi, chini ya kioo. Ikizungukwa na chuma haipati satelaiti.