Kelele za Nani?

Mwezi uliopita halmashauri ya walei ya parokia yetu ilijadili kwa saa mbili na nusu kitu ambacho hakuna hata mjumbe mmoja aliyekuwa amekisikia kwa masikio yake. Vijana watano wa parokia, mmoja wao mjukuu wangu, wana kikundi cha muziki. Hupiga gitaa, besi na drami katika stoo iliyo nyuma ya nyumba moja ya Gerezani, na muziki wenyewe huitwa deth metali, yaani metali ya mauti. Maneno wanayoimba ni ya Kikristo. Hoja iliyoletwa mezani ilikuwa waondolewe kwaya na wasiguse tena vyombo vya kanisa, kwa kuwa wanapiga "muziki wa shetani". Siku ile nilinyamaza, maana babu akisema huonekana anatetea damu yake. Kikao kikaahirishwa. Sasa nasema, na nasema kwa maandishi ili asiwepo wa kunikatiza.

Kwanza nikiri: muziki huo siupendi. Nilikwenda stoo ile, nikakalishwa juu ya ndoo ya rangi, nikastahimili nyimbo tatu. Drami zilikwenda kama mvua ya mawe juu ya bati, magitaa yakakoroma, na mwimbaji, kijana mpole ambaye humsaidia mama yake kuuza vitenge, akatoa ngurumo kutoka tumboni kama fahali aliyekwama topeni. Nilitoka nje masikio yakinivuma. Mwenye nyumba, mzee wa Kiislamu anayeuza vipuri vya magari, alinicheka. "Mwalimu," akasema, "hawa wako wana nafuu, wanaacha magharibi. Jirani zangu hawa wanakata vyuma mpaka saa nne usiku." Nikatazama barabarani, na kweli mtaa mzima ulikuwa ukipiga metali.

Lakini kutopenda ni jambo moja na kuhukumu ni jambo jingine. Tofauti hiyo niliifundisha darasani miaka thelathini na kitu, nami mwenyewe nilikuwa siishiki vizuri, kama nitakavyoeleza. Nikamwambia mjukuu wangu aniketishe anieleze ulikotoka muziki huu, naye akanieleza, akinionyesha picha na maandishi kwenye simu yake.

Muziki wa metali ya mauti ulianza Marekani katika miaka ya 1980, na ni kweli ulianza na maneno ya kutisha, maiti na kuzimu. Wakristo wenye magitaa mazito walikwisha kuwako. Kundi la Stryper la California lilikuwa likiwarushia watazamaji nakala za Agano Jipya kutoka jukwaani. Kisha mwaka 1990, katika mji wa Melbourne, Australia, mpiga besi aitwaye Steve Rowe aliunda kundi aliloliita Mortification. Jina hilo huwashtua wasiojua Kiingereza cha kanisa, kumbe ndilo neno la kuzifisha tamaa za mwili, somo ambalo Mtume Paulo aliwaandikia Warumi. Albamu yao ya mwaka 1992, Scrolls of the Megilloth, ilipewa jina la magombo matano ya Wayahudi: Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta. Nawauliza wajumbe wenzangu, ni nani miongoni mwetu angeweza kuyataja magombo hayo matano bila kufungua kitabu? Mimi nilitaja matatu, na mjukuu akanimalizia mawili.

Rowe aliugua kansa ya damu mwaka 1996, akapandikizwa uboho, akaponea chupuchupu. Mwaka 1998 akatoa albamu ya kushukuru rehema iliyomwokoa, kwa ngurumo ile ile. Mpiga drami wake wa mwanzo, Jayson Sherlock, alifanya la ajabu zaidi. Mwaka 1992 lilichomwa kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen huko Norwei, na makanisa mengine yakafuata. Baadhi ya waliohukumiwa kwa uchomaji huo walikuwa wapiga metali nyeusi. Sherlock akauchukua muziki huo huo wa wachomaji, na mwaka 1994 akatoa albamu ya kumtukuza Mungu bila kuweka jina lake, akajiita Horde tu. Kampuni ya Ujerumani iliyoitoa ikaletewa vitisho vya kuua. Basi watu hawa walichukiwa na wafuasi wa shetani kwa kumwimba Kristo, na wakachukiwa na wafuasi wa Kristo kwa namna walivyomwimba. Mhubiri wa televisheni wa Marekani, Jimmy Swaggart, mwaka 1987 aliandika kitabu kizima kuwaita wapiga roki wa Kikristo mbwa mwitu waliovaa ngozi ya kondoo. Mwaka uliofuata alilia machozi mbele ya kamera akiungama dhambi iliyokuwa haina gitaa ndani yake.

Najua nitaambiwa hayo ni ya Ulaya na Marekani. Haya, turudi Kariakoo.

Mwaka 1968 nilikuwa kijana, nimekuja likizo kwa mjomba wangu, Mtaa wa Sikukuu. Mwezi Oktoba wa mwaka ule makundi ya vijana yaliwavamia wanawake waliovaa sketi fupi hapa hapa Kariakoo, wakati Umoja wa Vijana wa TANU ukitangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mzee Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu wakati huo, na chuoni kwetu tulishangilia. Tulisema ni muziki wa kibeberu, unapotosha vijana. Soul nilikuwa nimeisikia mara mbili, kupitia ukuta wa jirani. Leo wazee wenzangu wanaoshutumu stoo ya Gerezani huzipiga nyimbo hizo hizo za soul kwenye harusi za watoto wao, tena hufumba macho.

Tena sikuishia kushangilia. Mwaka 1978, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya mkoani, nilimkuta mtoto wa darasa la sita akipiga wimbo wa bendi ya dansi kwa gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa galoni ya mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Nililichukua, nikalitia katika jiko la shule mbele ya gwaride. Mtoto yule ndiye aliyekuwa mpiga ngoma bora wa kwaya yetu. Hakugusa ngoma tena mpaka alipomaliza darasa la saba. Siku hizi ana duka la vyombo vya plastiki karibu na soko. Nikipita hunipa shikamoo, hunipunguzia bei ya ndoo, na jambo lile hajawahi kulitaja. Ningependa siku moja alitaje.

Hoja kubwa ya wajumbe ni kwamba maneno hayasikiki. Wimbo usiosikika maneno, wanasema, hauwezi kuwa sala. Ni hoja nzito, wala siipuuzi, kwa sababu mwalimu huishi kwa maneno kusikika. Lakini mimi nilitumikia altare tangu nikiwa na miaka tisa, na Misa yote ilikuwa Kilatini. Niliitikia kwa sauti kubwa na sikujua ninaitikia nini. Bibi yangu alisali miaka sitini ndani ya lugha ambayo hakuelewa neno hata moja, na ole wake ambaye angemwambia sala zile zilikuwa makelele. Mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Desemba 1963, uliposema muziki wa watu wa nchi za misioni upewe nafasi yake, na vyombo vingine mbali na kinanda viweze kuruhusiwa vikifaa kwa ibada. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ilibidi msomi aandike kitabu ndipo ngoma zetu zitetewe! Leo ngoma ziko kando ya altare, na wajumbe wanaotaka kuwafukuza vijana hawa huzicheza wakati wa matoleo.

Na si ngoma tu. Kwaya zetu za sasa hupiga sebene, na sebene haikushuka kutoka mbinguni. Ilikulia katika baa za Kinshasa, ikavuka ziwa pamoja na wanamuziki wa Kikongo, ikatia nanga katika kumbi za dansi za mji huu, kisha ikaokoka. Hakuna kikao kilichoitwa. Iliingia kwa sababu watu wazima waliipenda. Mwaka jana tulinunua spika mbili zinazonifika kifuani, na mama mmoja wa ng'ambo ya barabara alikuja kuomba tupunguze kwa kuwa ana mgonjwa. Hakuna mjumbe aliyesema kwamba spika zile zina pepo.

Kuna aliyesema jina lenyewe, mauti, halifai kinywani mwa Mkristo. Ndugu yangu huyo husali kila Ijumaa ya Kwaresima mbele ya picha kumi na nne za mtu anayeteswa hadi kufa. Jumatano ya Majivu hupakwa majivu akakumbushwa atarudi mavumbini. Wakapuchini, shirika la Askofu Mkuu Edgar Maranta aliyetuongoza hapa Dar es Salaam hadi mwaka 1968, wana kanisa Roma ambalo chini yake kuta zimepambwa kwa mifupa ya maelfu ya watawa wenzao, imepangwa kama maua. Kama ni kutazama mauti usoni, Kanisa lilitangulia magitaa kwa karne nyingi.

Sisemi muziki huu upigwe kwenye Misa. Vijana wenyewe hawakuomba hilo, na hapa ndipo hoja nzima inaponiudhi, maana tunawahukumu kwa ombi ambalo hawakulileta. Walichoomba mwanzoni mwa mwaka, kwa barua, ni kuutumia ukumbi Jumamosi moja alasiri na kuwaalika wenzao wa mtaani ambao kanisani hawaji. Barua haikujibiwa. Ililala kwenye faili mpaka mtu mmoja alipopita Gerezani akasikia ngurumo.

Nimewaomba vijana waniandikie maneno ya nyimbo zao zote. Ni saba. Moja ni ya Ayubu akiwa jalalani, na naona ina Maandiko mengi kuliko hotuba nyingi ninazozisikia mimbarini. Moja ni mbovu, imejaa damu na moto pasipo sababu, na nilimwambia hivyo aliyeitunga kwa kalamu nyekundu. Alinuna, kisha akaurudia ubeti wa pili. Ya mwisho inamhusu rafiki yao aliyefariki kwa pikipiki Barabara ya Msimbazi, ambaye tulimzika sisi wenyewe, na nusu ya wajumbe walikuwapo makaburini.

Nimepiga nakala kumi na saba, moja kwa kila mjumbe, nikaziacha ofisini kwa katibu wa parokia Jumatatu iliyopita. Hadi jana jioni zilikuwa zimechukuliwa nne. Kikao ni Jumapili baada ya Misa ya pili, na safari hii nitaomba kila anayenyoosha mkono kusema aseme kwanza ni wimbo upi aliousoma.