MAUMIVU YA MGONJWA SI UPUNGUFU WA IMANI



Ndugu zangu, kuna maneno yanasemwa kwenye vitanda vya wagonjwa, na wanaoyasema ni watu wa dini, wengine wamevaa kilemba kama mimi. Mama ana saratani, imeshafika kwenye mifupa, usiku analia. Daktari kaandika mofini. Mtoto mkubwa anaichukua chupa, anaifungia kabatini: "Mama, fanya subira, haya ni madawa ya kulevya." Kisha kinaletwa kisa cha Urwa bin Zubayr, rahimahullah, aliyekatwa mguu akakataa kulevywa.

Basi tuanze na huyo Urwa. Mguu ulikuwa wake na uamuzi ulikuwa wake. Hakuna aliyemfungia dawa. Tena alikatwa siku moja, kukaisha. Mama yako anakatwa kila saa, mwezi wa tatu sasa. Na wewe unayesimulia kisa hicho, jino likikuuma unameza Panadol mbili kabla ya Isha.

Watu wanadhani maumivu hupanda kutoka kidondani hadi kichwani kama maji kwenye bomba. Kidonda kidogo, maumivu kidogo. Kidonda hakionekani? Anajifanya, au ana jini. Sivyo! Mishipa ya fahamu hubeba taarifa ya hatari tu. Taarifa ikifika kwenye uti wa mgongo, kama walivyoeleza Melzack na Wall mwaka 1965, hukuta mfano wa lango, linaloweza kufunguka au kubana. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua, na kusugua kunasaidia kweli. Ubongo nao huteremsha amri zake kwenye lango hilo, na mwili hutengeneza dawa yake wenyewe, endofini. Wale wanawake waliomwona Nabii Yusuf wakajikata mikono, kisa chao tunakisoma kila siku. Na katika Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mmarekani Henry Beecher aliona askari wenye majeraha makubwa kule Anzio, Italia, na wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu. Kwao jeraha lilimaanisha wametoka vitani hai.

Hapa mwenzangu wa kilemba anarukia: "Si umeona? Ni akili tu, adhikiri!" Dhikri inatuliza, sibishi. Lakini lango hilo hilo hufunguka zaidi kwa hofu, kwa kukosa usingizi, na kwa kuambiwa na mwanao wa kumzaa kwamba huna imani. Na maumivu makali yakiachwa muda mrefu, neva zenyewe huwa nyepesi kushtuka, hata shuka likigusa ngozi linauma. Kuna aliyekatwa mguu na bado anaumwa vidole vilivyokwishazikwa. Huyo naye anajifanya?

Mofini hufanya kazi pale pale endofini inapofanyia kazi. Mlango aliuweka Muumba. Dawa ya mwilini peke yake haiiwezi saratani ya mifupa. Ndiyo, mwili huizoea, na ikitumiwa holela ina hatari, ndiyo maana inapimwa na daktari. Lakini kumfananisha mama huyu na kijana wa unga kijiweni ni dhulma.

Nabii Ayyub alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata, na hakutolewa katika wenye subira. Mtume wetu (s.a.w.) alisema wazi kwamba kichwa kinamuuma, na akatuamrisha tujitibu. Wewe umepata wapi subira ya kumfanyia mtu mwingine kwa kumnyima dawa yake?

Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, bila kungoja mpaka alie, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu inafunga choo. Mkiona usingizi umezidi au pumzi inapungua, mpigieni daktari haraka. Kipimo waulizeni watu wa tiba shufaa hospitalini. Msiniulize mimi, wala imamu wa mtaa.