HERUFI NENE KWENYE BANGO LETU



Kumeletwa shauri hapa Nunguni kwamba kichwa cha gazeti hili, pamoja na bango letu la 1 Mei, viandikwe kwa zile herufi nene zenye pembe kali, kwa kuwa eti ni herufi za Kiafrika. Herufi hatuzikatai. Twaikataa sababu.

Herufi hizo jina lake ni Neuland, yaani nchi mpya. Alizitengeneza Mjerumani, Rudolf Koch, mwaka 1923, kwa kiwanda cha Klingspor katika mji wa Offenbach. Hakuzichora kwanza karatasini. Alizichonga katika chuma moja kwa moja, na kila kipimo akakichonga upya, hata kipimo kikubwa hakifanani sawasawa na kidogo. Ni kazi ya fundi hasa, na wachongaji wetu wa Ukambani wataijua kwa kuitazama tu. Lakini Uafrika wake uko wapi? Wapiga chapa wa ng'ambo ndio waliozibandika kwenye majalada ya vitabu vya Afrika, wakazoea. Mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park, yenye mijusi mikubwa ya kale, ikavishwa herufi za namna ile ile. Anayetuweka fungu moja na mijusi asituchagulie nguo.

Sasa tuje kwenye kazi. Neuland haina herufi ndogo, na maneno ya Kiswahili ni marefu. Andika HAMTALIPWA na MTALIPWA kwa herufi nene zilizobanana, kisha mtu asome akiwa ndani ya matatu inayopanda milima ya Kilungu. Silabi moja ikimpotea, habari imegeuka, na mtu ameacha kwenda kudai mshahara wake. Kwa hiyo maneno mawili au matatu ya juu yawe manene. Saa, mahali na madai yaandikwe kwa herufi za kawaida, zenye nafasi.

Kwenye stensili pia kuna taabu. Herufi nene ikikatwa yote hufungua tundu kubwa, wino hufurika, na karatasi ya pili huchafuka. Katikati ya O hudondoka kabisa. Karani achore ukingo tu, ndani apige mistari.

Bango lenyewe tusilipeleke kwa mwenye kompyuta. Wapo mafundi wa brashi sokoni hapa ambao wameandika vibao vya maduka miaka mingi, na brashi bapa hutoa pembe kali bila kumwiga Mjerumani. Vitambaa vya kuchapwa kwa mashine vimewapunguzia kazi sana. Ila tusimwite fundi kisha tumlipe soda na asante, sisi tunaowashitaki wengine kwa jambo hilo hilo. Mweka hazina apatane naye bei, aiandike, watie sahihi wote wawili kabla kopo la rangi halijafunguliwa.