Jina la Kenya Lenyewe ni Madoadoa

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hata hivyo, wengi wetu hulitaja jina la Kenya kila siku bila ya kujiuliza lilitoka wapi na lina maana gani. Mimi, mkazi wa mtaa wa Langas hapa Eldoret, naona kwamba jibu la swali hilo latuhusu sana.

Jina hilo lilikuwa la mlima kabla ya kuwa la nchi. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima huo akiwa Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Wakamba waliuita Kiinyaa. Krapf akaliandika jina hilo kadiri sikio lake lilivyolipokea. Mwaka wa 1920 Waingereza walilichukua wakaliita koloni lao, nasi tulipopata uhuru mwaka wa 1963 tukalihifadhi.

Maana yake je? Wazee wa Ukambani hulihusisha na nyaa, yaani mbuni, kwa kuwa theluji nyeupe juu ya mwamba mweusi hufanana na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu huuita mlima huo Kirinyaga, nao humwita mbuni nyaga. Wamaasai, ambao lugha yao haina udugu na hizo mbili, huuita Ol Doinyo Keri, yaani mlima wenye mabaka. Watu hawa waliutazama kutoka pande mbalimbali wakaona jambo lilo hilo: weupe na weusi mahali pamoja. Hawakuyahesabu madoa hayo kuwa kasoro. Waliuheshimu mlima nayo.

Sisi tumefanya nini? Katika Bonde la Ufa, neno "madoadoa" liligeuzwa kuwa tusi la kuwatambulisha majirani wanaotakiwa kufukuzwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Langas, mtaa wa watu wa makabila mengi, iliona nyumba zikiteketea na wapangaji wa ploti moja wakikimbiana. Mwaka wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki.

Hatua hiyo ilifaa, lakini sheria huzuia ulimi tu, haibadilishi moyo. Ninapendekeza walimu wawafundishe watoto asili ya jina la nchi yao, na wazee wa mitaa walitaje katika mabaraza. Hata jina la Eldoret husemekana kuwa neno la Kimaasai lililotiwa kiishio cha Kinandi. Anayetaka kuyafuta madoa nchini aanze kwanza kulifuta jina la Kenya, kisha atuambie sisi sote tutaitwa nani.